Kibao kiko nyuma ya matoroli: je, nidaiwe shilingi 50,000 kwa kuegesha gari?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 nimejizoesha kuja Mwanza mjini na gari letu dogo mara moja kwa mwezi kununua mahitaji ya nyumbani, kwa kuwa ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikitumalizia nusu ya siku haipo tena. Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita nilikuja kama kawaida. Nilijaza mafuta Nyegezi, nikapita Mkuyuni na Igogo penye msongamano, kisha nikaingia kwenye maegesho ya supamaketi moja ya katikati ya mji ambayo sitaitaja. Getini palikuwa na mlinzi aliyeniteremshia kamba na kuniashiria kwa mkono niegeshe upande wa kushoto. Hakunipa tiketi wala hakunieleza jambo lolote, nami sikuuliza, kwa sababu miezi yote iliyotangulia nilikuwa nikiingia na kutoka bila kuulizwa.

Nilinunua unga, mafuta ya kula, sabuni na madaftari ya watoto, jumla shilingi 86,400. Nikapanga mizigo ndani ya gari, kisha nikavuka barabara kwenda duka la dawa kumchukulia mama mkwe dawa zake za presha. Huko nilikuta watu wengi, nikasubiri karibu nusu saa. Niliporudi nilikuta gurudumu la mbele limefungwa mnyororo, na chini ya waipa pana karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: “Kuingia saa 4:05. Kukutwa saa 6:30. Umezidisha muda. Faini 50,000.”

Nilipomwambia mlinzi kwamba sikujua kuna muda maalumu, alinipeleka ndani ya supamaketi, nyuma ya mlango wa kuingilia, mahali yanapopangwa matoroli, akanionyesha kibao kisichozidi ukubwa wa kaunta buku lililofunguliwa. Kimeandikwa: “Maegesho ni masaa 2 bure kwa wateja. Baada ya hapo ni 1,000 kwa saa. Atakayekiuka atatozwa faini 50,000.” Nilibishana naye mpaka watu wakaanza kutukusanyikia, na kwa kuwa mama mkwe alikuwa akinisubiri na jua lilikuwa kali, nilikubali. Kwenye simu nilikuwa na shilingi 20,000 tu. Nilizituma kwa namba aliyonitajia, ambayo ilileta jina la mtu na si la duka, kisha nikatia saini karatasi inayosema kwamba nitamalizia shilingi 30,000 ndani ya siku saba. Ndipo wakafungua mnyororo. Risiti ya fedha hiyo sikupewa.

Sasa wananipigia simu. Wameshapiga mara tatu, wakisema kila siku ninayochelewa inaongeza shilingi 5,000, kwamba namba ya gari itaingizwa “kwenye mfumo” ili nisimamishwe na trafiki darajani, na kwamba watanifungulia jalada polisi. Baba Kulwa anasema nilipe yaishe, kwa sababu heshima ya mwalimu ni kubwa kuliko shilingi 30,000. Kaka yangu anayeishi Leicester, Uingereza, anasema nisilipe wala nisijibu, kwa sababu karatasi za namna hiyo hazina nguvu yoyote ya kisheria na huko kwao watu huzitupa jalalani. Risiti za manunuzi ya siku ile zote ninazo, kwa kuwa nyumbani tunaandika matumizi daftarini: ya mafuta imechapwa 10:11, ya supamaketi 11:47 na ya duka la dawa 12:21.

Nilipe, ninyamaze, au nidai shilingi 20,000 zangu?

Mwalimu, Sengerema

*

Marahaba Mwalimu.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikashika kalamu, kwa sababu jambo lenye uzito kuliko mengine yote umeliandika mwishoni kama nyongeza ya kunitolea wasiwasi. Risiti ya mafuta inasema 10:11, yaani saa nne na dakika kumi na moja asubuhi. Karatasi iliyowekwa chini ya waipa inasema uliingia kwenye maegesho saa 4:05. Kwa maneno mengine, unadaiwa muda ambao gari lako lilikuwa bado limesimama kwenye pampu ya mafuta Nyegezi, na baada ya hapo ulikuwa na safari ya Mkuyuni na Igogo mbele yako, tena siku ya Jumamosi. Nadhani kilichokuficha jambo hili ni namna mbili za kuhesabu saa: mashine ya risiti huanzia usiku wa manane, ilhali mlinzi, kama sisi sote, huanzia macheo, na mtu aliyekasirika hakai chini kuzilinganisha. Zilinganishe sasa. Hata tukijifanya kwamba ulitoka Nyegezi ukafika mjini kwa dakika ishirini, jambo ambalo wewe na mimi tunajua haliwezekani, hadi saa 6:30 ulipokutwa hujamaliza hata hayo masaa mawili ya bure. (Kibao kimeandika “masaa”, nawe ni mwalimu, nimeona ulivyokinukuu bila kukisahihisha, nikajua ulikuwa umekasirika kweli.)

Sitamshutumu mlinzi kwamba aliandika uongo. Mtu mmoja anayeangalia geti, mizigo ya wateja na magari arobaini, huku akiandika saa kwa kalamu, anaweza kuchanganya gari moja na jingine au kujaza saa kwa kukisia anapofika kwenye safu yenu. Lakini kosa la kukisia halipaswi kulipwa na mteja, na risiti ya EFD, yaani ile inayochapwa na mashine ya kodi, ina uzito mkubwa kuliko kumbukumbu ya mtu aliyekuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, kabla hujafanya jambo lingine lolote, zipige picha risiti zote tatu na uzitolee fotokopi. Karatasi ya risiti ni ya kuchapwa kwa joto, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari maandishi yatafifia na ushahidi wako utapotea.

Hiyo ni hoja ya saa, na peke yake inakutosha. Hata hivyo sitaki uishie hapo, kwa sababu wasomaji wengi wanaoniandikia juu ya maegesho hawana risiti ya Nyegezi ya kuwaokoa, na pia kwa sababu umekubali bila kuhoji neno ambalo hukupaswa kulikubali, nalo ni “faini”. Faini ni adhabu inayowekwa na sheria na kutozwa na mahakama au na mamlaka iliyopewa uwezo huo. Askari wa usalama barabarani anaweza kukuandikia kwa kosa lililotajwa katika Sheria ya Usalama Barabarani. Supamaketi haina uwezo huo, hata kama ukuta, lami na geti ni vyake. Mwenye uwanja binafsi anachoweza kukudai ni kile tu ulichokubaliana naye ulipoingia, au fidia ya hasara uliyomsababishia. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inaanza na hilo katika kifungu cha 10, kwamba makubaliano huwa mkataba pale wahusika wanapokuwa wameridhia kwa hiari. Swali la kuuliza basi ni hili: uliridhia nini pale getini?

Kwa mujibu wa maelezo yako, uliridhia ishara ya mkono iliyokuelekeza kushoto, na hakuna kingine. Masharti yalikuwa ndani ya jengo, nyuma ya mlango, pembeni mwa matoroli, mahali ambapo mtu hufika akiwa ameshaegesha, ameshafunga gari na ameshamaliza kuamua. Masharti ya kuegesha yanapaswa kusomeka na dereva aliyeko kwenye usukani akiwa bado anaweza kugeuza na kuondoka. Kuna kesi mashuhuri ya Uingereza, Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, iliyoripotiwa mwaka 1971, ya mpiga tarumbeta aliyeingiza gari kwenye jengo la maegesho la London, akapewa tiketi na mashine, kisha baadaye akaambiwa kwamba tiketi ile ilimfunga kwa masharti yaliyobandikwa ndani ya jengo. Kesi yenyewe ilihusu majeraha aliyoyapata humo na si ushuru, lakini mahakama ya rufaa, akiwemo Jaji Denning, ilisema wazi kwamba masharti yanayomfikia mtu baada ya kuingia hayamfungi, kwa kuwa mkataba ulikwishafungwa alipofika mlangoni. Hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya tarehe 22 Julai 1920 hazizilazimishi mahakama zetu, ila zinaweza kuzishawishi, na mantiki ya hii ni rahisi kiasi kwamba hakimu hahitaji kusafiri hadi London kuielewa.

Kwa sababu hiyo kazi yako ya kwanza siku utakayorudi mjini si kugombana juu ya shilingi 50,000 bali kupiga picha. Simama getini pale dereva anapopita, inua simu kwa kimo cha macho ya mtu aliyeketi kwenye gari, upige picha inayoonyesha kwamba hapana kibao chochote, au kama sasa kimewekwa, inayoonyesha kimewekwa wapi na kinasomeka kwa umbali gani. Kisha ingia ndani upige kile cha nyuma ya mlango pamoja na matoroli yanayokikinga. Usimwombe mlinzi ruhusa wala usimjibu akianza maneno. Piga picha uondoke. Watu wengi hutumia nguvu zote kubishania kiasi, wakati kiasi hakina pa kusimama kama kibao hakikuonekana, nami nimechoka kupokea barua za kurasa nne ambazo mwandishi hakumbuki hata kama kibao kilikuwepo.

Sasa nikuambie upande wako dhaifu, ili wasikuambie wao kwanza. Ulivuka barabara kwenda duka la dawa ukaliacha gari kwao karibu nusu saa. Kama kibao kingekuwa wazi getini na kingesema maegesho ni kwa mteja anapokuwa dukani tu, ningekuambia kwamba dakika zile hazikuwa zako. Lakini kibao chao, hata hicho kilichofichwa, kinasema saa mbili bure “kwa wateja”, nawe una risiti ya shilingi 86,400 kuonyesha kwamba ulikuwa mteja. Hakikusema mteja akitoka nje ya uzio anaacha kuwa mteja.

Na hata tukikubali saa yao yote, kuanzia 4:05 hadi 6:30, umezidisha dakika 25. Kibao kilekile kinasema baada ya saa mbili ni shilingi 1,000 kwa saa. Wao wenyewe, kwa hesabu yao na kwa mwandiko wao, wameithamini nafasi ile kwa shilingi 1,000, kisha wakatoza mara hamsini. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba pale mkataba unapotaja kiasi kitakacholipwa ukivunjwa, aliyevunjiwa hupata fidia inayostahili, isiyozidi kiasi hicho, hata kama hakuthibitisha hasara halisi. Zingatia maneno yote mawili: inayostahili, na isiyozidi. Kiasi kilichoandikwa kwenye kibao ni dari, na mahakama ndiyo hupima chini ya dari hiyo nini kinastahili. Sioni namna ambayo mtu anayepangisha nafasi kwa shilingi 1,000 kwa saa atamshawishi hakimu kwamba nusu saa yake ilistahili 50,000.

Kuhusu mnyororo na saini, hapa naomba usome taratibu. Kaka yako anakudanganya bila kukusudia anaposema karatasi hazina nguvu, kwa sababu ipo karatasi moja yenye saini yako inayosema utalipa shilingi 30,000, na mwenye karatasi hiyo ana kitu cha kushika mkononi akienda popote. Huwezi kuifanya isiwepo kwa kunyamaza. Unachoweza ni kueleza ilitiwaje saini. Kifungu cha 15 cha sheria ileile, kinapoeleza maana ya shuruti, kinataja pia kuzuia mali ya mtu kinyume cha sheria ili aingie katika makubaliano, na makubaliano yaliyopatikana kwa shuruti yanaweza kukataliwa na yule aliyeshurutishwa, vilevile fedha iliyolipwa kwa shuruti inadaiwa irudishwe. Fundi gereji anaweza kulishikilia gari alilolitengeneza mpaka alipwe ufundi wake, kwa sababu wewe mwenyewe ulimkabidhi na yeye amelifanyia kazi. Wewe hukumkabidhi mtu gari. Ulilifunga, ukaondoka na ufunguo wako mkobani. Sioni haki gani iliwapa kulishikilia mpaka utoe fedha na saini. Lakini mtu aliyeshurutishwa anapaswa kulisema hilo mapema, kabla ukimya wake haujaanza kufanana na kukubali, na ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kutupa jalalani.

Nimwambie jambo kaka yako pia, kwa heshima. Anayoyazungumza ni ya huko, tena ni ya zamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mmiliki wa duka la chipsi, Barry Beavis, aliyezidisha dakika 56 kwenye maegesho ya maduka huko Chelmsford yaliyokuwa na saa mbili za bure, akatozwa pauni 85. Mahakama ilisema alipe, kwa sababu mwenye eneo alikuwa na sababu halali ya kutaka magari yapishane, na kwa sababu palikuwa na vibao karibu ishirini, vikubwa na vinavyosomeka, tangu mlangoni. Kwa hiyo hata huko anayetupa karatasi jalalani anaweza kushtukia ameitwa mahakamani. Ninaitaja hukumu hiyo ingawa si rafiki yetu, kwa kuwa meneja mwenye mwanasheria mzuri anaweza kukutajia. Jibu lako litakuwa kwamba Beavis alipita mbele ya vibao ishirini na wewe ulionyeshwa kimoja baada ya gari kufungwa. Na kama kaka yako anapenda mifano ya huko, akumbuke kwamba kufunga gari mnyororo kwenye eneo binafsi bila mamlaka ya kisheria kumekuwa kosa la jinai Uingereza na Wales tangu Oktoba 2012, na kwamba huko dereva ana vyombo huru vya kupeleka rufaa yake. Sisi chombo cha namna hiyo mahususi kwa maegesho ya maduka hatuna, na hivyo njia yetu inapita kwa meneja, kisha kwa mlinzi wa haki za mlaji, kisha, ikibidi sana, Mahakama ya Mwanzo.

Baba Kulwa namwelewa zaidi. Hesabu yake ni ya mtu mzima: shilingi 30,000 dhidi ya nauli, mafuta, siku iliyopotea na maneno ya watu. Ningekuwa nimeketi naye barazani ningemuuliza jambo moja tu, kwamba je, ana hakika akilipa yataisha? Kiasi kilichoanza kama 50,000 kimeshaanza kuongezeka 5,000 kwa siku kwa tamko la simu, na nyongeza hiyo haimo kwenye kibao wala kwenye karatasi uliyotia saini. Anayebuni kiwango kwa simu hana sababu ya kuacha kubuni ukimlipa kwa namba yenye jina la mtu na bila risiti.

Na hilo la jina la mtu ndilo linalonifanya nishuku kwamba huenda meneja wa supamaketi hajui chochote. Katika maduka mengi maegesho hukabidhiwa kampuni ya ulinzi au mzabuni, na inawezekana shilingi zako 20,000 hazikufika popote panapoandikwa. Kwa hiyo usizungumze tena na mlinzi wala na mpiga simu. Barua yako iende kwa meneja, na swali lake la kwanza liwe ni nani aliyepokea fedha ile na kwa nini hakukutolewa risiti ya EFD. Mfanyabiashara anayepokea malipo anawajibika kutoa risiti hiyo, na swali hilo likiulizwa kwa maandishi hufanya watu wasome barua hadi mwisho. Ule ujumbe wa muamala kwenye simu usiufute. Piga picha ya skrini.

Vitisho viwili nivimalize haraka. Deni la maegesho ya duka ni la madai na si la jinai, na polisi si wakusanyaji wa madeni ya watu binafsi. Na huo “mfumo” wanaoutaja si wao wenye funguo zake. Ushuru wa maegesho ya barabarani, ule unaosimamiwa na mamlaka za umma kama TARURA, hulipwa kwa ile kontroo namba yenye tarakimu 12, na fedha huingia serikalini, wala haupiti kwenye simu ya mtu. Hapa uwe mwangalifu kidogo, kwa sababu katikati ya mji zipo nafasi zilizo mbele ya maduka ambazo zimo barabarani na si za duka. Ukiegesha huko deni lake ni halisi na ulilipe. Lakini wewe uliingia ndani ya geti la mtu binafsi. Akikupigia tena mwombe kontroo namba, kisha usikilize jinsi atakavyonyamaza.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Ningeiandika hivi:

“Ndugu Meneja, tarehe hiyo nilikuwa mteja wa duka lako, risiti imeambatishwa. Gari langu lilifungwa mnyororo kwa madai kwamba liliingia saa 4:05 asubuhi. Risiti ya mafuta iliyoambatishwa inaonyesha kwamba saa 4:11 nilikuwa Nyegezi, hivyo madai ya kuzidisha muda si sahihi. Getini hapakuwa na kibao cha masharti. Kilichopo kiko ndani, nyuma ya mlango, kama picha zinavyoonyesha. Nililipa shilingi 20,000 na kutia saini ahadi ya shilingi 30,000 kwa sababu gari langu lilikuwa limezuiwa, na ahadi hiyo ninaikana kwa kuwa haikuwa ya hiari. Naomba unijulishe nani alipokea fedha hiyo na chini ya risiti gani, unirudishie shilingi 20,000, na unithibitishie kwa maandishi kwamba sidaiwi, ndani ya siku 14. Endapo kwa hesabu yako sahihi nilizidisha muda, niko tayari kulipa kiwango cha saa kilichoandikwa kwenye kibao chako.”

Sentensi ya mwisho usiiondoe hata kama Baba Kulwa ataicheka. Inaonyesha kwamba hukatai kulipa kinachostahili, na inamlazimisha meneja kukaa na namba 1,000 mezani pake badala ya 50,000. Toa nakala tatu. Moja waachie, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe na jina la aliyepokea. Katibu muhtasi akikataa kugonga mhuri, iache mbele ya shahidi, uandike nyuma ya nakala yako nani aliikataa na saa ngapi. Nakala nyingine ielekeze kwa Tume ya Ushindani, ambayo wengi huiita FCC, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya mfanyabiashara anayempotosha, na hilo liandikwe chini ya barua ili meneja alione.

Siku 14 zikipita bila jibu, sitakushauri ukimbilie mahakamani kwa ajili ya shilingi 20,000. Ningekushauri tofauti kama wangelivunja gari au wangelikaa nalo siku tatu. Kwa kiasi hiki umeshafanya la muhimu, maana wakija kukudai hizo 30,000, wao ndio watakaohitaji kwenda Mahakama ya Mwanzo na kumweleza hakimu kuhusu kibao cha nyuma ya matoroli, nawe utakuwa na barua yenye mhuri iliyotangulia. Ila bahasha yenye nakala ya barua na risiti zako usiitupe, kwa sababu madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa hadi miaka sita tangu yalipotokea.

Mpiga simu mtumie ujumbe mmoja tu, leo, wa maandishi: “Madai yenu nayapinga. Barua inakwenda kwa meneja wa duka. Mawasiliano yote yafanyike kwa maandishi.” Baada ya hapo usipokee. Na hiyo Jumamosi utakayopeleka barua, acha gari mahali pengine uende kwa miguu, tusije tukaanza upya na karatasi nyingine chini ya waipa.